"Sana" moja, maneno matano: uchague "very", "too", "so", "really" au "quite"?

"Our Nile perch is too fresh." Mfanyabiashara wa samaki wa Kirumba, Mwanza, akimtumia mnunuzi wa nje ujumbe huu, yeye anasifu: sangara wetu ni wabichi mno, wametoka ziwani sasa hivi. Mnunuzi anasoma kitu kingine. Kwake "too" ni neno la kulalamika, na sasa anajiuliza samaki aliyezidi kuwa mbichi ana kasoro gani. Sarufi ya sentensi haina dosari hata moja. Kilichoharibu ni neno la kukoleza.

Chanzo cha kosa hili kinajulikana. Wanafunzi wengi hukaririshwa kwamba "very" ni "sana" na "too" ni "mno", basi, somo limekwisha. Lakini "mno" yetu ina nyuso mbili. "Chai ina sukari mno" ni lawama, "nashukuru mno" ni shukrani, na msikilizaji hutambua mwenyewe kutokana na mazungumzo. "Too" haina uhuru huo, ukiondoa misemo michache tutakayoitaja. Na "sana" yenyewe hubeba peke yake mizigo ambayo Kiingereza kimewagawia wapagazi watano.

Tunawapima kwa vigezo gani

Vigezo ni vinne. Kwanza, neno linasema nini: kiwango tu, kiwango kilichovuka mpaka, hisia za msemaji, au ukamilifu wa jambo. Pili, linakaa wapi katika sentensi, maana "sana" hufuata neno inalolikoleza ilhali haya matano kwa kawaida hutangulia. Tatu, linagoma wapi. Nne, linamfaa nani.

Nguvu hatukuifanya kigezo, na ni kwa makusudi. Kuuliza kati ya "very" na "too" lipi lina nguvu zaidi ni sawa na kuuliza kati ya nanga na kasia kipi ni bora. Kila kimoja kina kazi yake mtumbwini.

Very

Linasema kiwango cha juu, halafu linanyamaza. "The water is very cold" haikuambii kama baridi hiyo inamfurahisha msemaji au inamkera. Neno lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako lilimaanisha "-a kweli", na hapo Mswahili hahitaji kushangaa, maana naye husema "mzuri kweli" akimaanisha mzuri sana. Mabaki ya maana ile ya zamani bado yapo: "that very day" ni siku hiyohiyo, na "on this very spot" ni papa hapa, wala si "hapa sana".

Mahali pake ni mbele ya kivumishi au kielezi: "a very big boat", "he rows very fast". Mbele ya kitenzi halikai. "I very like tilapia" ni kosa, na sahihi ni "I like tilapia very much". Angalia pia kwamba "very much" imekwenda mwisho kabisa, baada ya sato mwenyewe. Sisi husema "napenda sana sato", "sana" ikiwa katikati, na tukitafsiri neno kwa neno tunapata "I like very much tilapia". Ataeleweka aliyesema hivyo, lakini Kiingereza hakipendi kitenzi kitenganishwe na kitu chake.

Linagoma mahali patatu. Halikubali ulinganisho: "very bigger" haipo, sema "much bigger" au "far bigger". Halihitaji "much" mbele ya kivumishi cha kawaida: "very much fresh" ina neno la ziada, "very fresh" inatosha. Na halipatani na vivumishi ambavyo tayari vimefika kileleni, kama "excellent", "freezing", "dead" au "impossible".

Hilo la tatu ndilo huwatatiza watu zaidi, lakini Kiswahili kinaweza kukusaidia ukikisikiliza. Jaribu "sana" na "kabisa" kichwani. Hatusemi "amekufa sana", tunasema "amekufa kabisa". Ndoo haiwi "tupu sana", huwa "tupu kabisa". Pale "sana" inapokataa na "kabisa" ikaingia vizuri, achana na "very" utumie "completely" au "absolutely": "completely empty", "absolutely impossible". Kipimo hiki si cha uhakika wote, kwa kuwa mtaani "kabisa" siku hizi inapachikwa hata kwenye "mzuri", ila kinakuokoa mara nyingi. Na kama ambavyo Kiswahili kina giza totoro, kulala fofofo na kuloa chapachapa, Kiingereza nacho kina jozi zake zilizokwisha kufungwa: "pitch dark", "fast asleep", "soaking wet", na kitu kipya kabisa ni "brand new". Jozi hizi hukaririwa zilivyo, hazina kanuni.

Linamfaa nani? Anayeandika kwa mtu asiyemjua, mwanafunzi, na yeyote asiye na hakika, kwa sababu ndilo lenye hatari ndogo kuliko yote matano. Hasara yake ni kuchujuka. Aya yenye "very" nne haikolezi tena, kama mboga ambayo kila aliyepita jikoni aliitia chumvi.

Too

Maana yake ni kwamba kuna mpaka, na mpaka umevukwa. Ukisema "too" unawajibika kuwa na mpaka kichwani. Sangara wa sentimita 40 kwa mkaguzi ni "too small", kwa kuwa kanuni za uvuvi zinamkataza aliye chini ya sentimita 50. Samaki huyohuyo kwa anayemlinganisha tu na wenzake ni "very small". Ukubwa ni uleule, lakini neno la kwanza linamrudisha majini na la pili halimfanyi kitu.

Dagaa wanaonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. "Very dry" ni sifa, maana waliokauka vizuri hawashiki kuvu upesi. "Too dry" ni kwamba watavunjikavunjika kwenye gunia. Na kama bado wana unyevu, usikimbilie "very wet" wala "too wet" pale unapotaka kusema hawajafika kiwango. Neno ni "enough", nalo kinyume na mengine yote hukaa nyuma ya kivumishi: "not dry enough".

"Too" husimama mbele ya kivumishi au kielezi, na kikifuata kitenzi huja na "to": "The sack is too heavy to lift." Hapa pana mitego miwili inayotokana na lugha yetu. Kitenzi chetu hubeba kitu chake ndani, "zito mno kulibeba", hivyo mkono huandika "too heavy to lift it". Hiyo "it" iondoe, gunia limeshatajwa mwanzoni. Mtego wa pili ni kukanusha mara mbili. "Too… to…" ina "haiwezekani" ndani yake tayari, kwa hiyo "too heavy that we cannot lift" imechanganya miundo miwili na kuiharibu yote.

Kwa nomino, "too much" ni ya visivyohesabika na "too many" ni ya vinavyohesabika: "too much salt", "too many boats". "Too much expensive" ni kosa linalosikika kila siku sokoni. Sema "too expensive", au ukitaka kuikoleza, "much too expensive". Na kwa kuwa mpaka unaweza kuvukwa kidogo au sana, "too" hukubali kupimwa: "a bit too long", "far too long".

Misemo inayolitoa "too" kwenye lawama ni hii hasa: "You are too kind", yaani wema wako umezidi nilichostahili. "Only too glad to help", yaani kwa moyo wote. "Not too bad", yaani si haba. Itumie kama ilivyo, usiitengenezee ndugu zake. "Thank you too much" haimo katika orodha hiyo, hata kama inasemwa kwa tabasamu kubwa.

Linamfaa mnunuzi anayekataa mzigo, mgonjwa anayeeleza kwamba dawa inamlevya kupita kiasi, fundi anayesema bomba ni fupi. Muuzaji anayenadi bidhaa yake mwenyewe alikwepe.

So

"So" inaonyesha hisia, au inaahidi kwamba kuna jambo linafuata. "I am so tired" ni mtu anayekushirikisha uchovu wake. Katika maandishi rasmi msomaji huisubiri "that": "The lake was so rough that the ferry did not leave", yaani ziwa lilichafuka hata kivuko hakikuondoka. Ukiandika barua ya ofisi kisha ukaacha "so" inaning'inia bila "that", barua inasikika kama umbea.

Mahali pake ni mbele ya kivumishi kisichofuatwa na nomino. Nomino ikiwepo, "so" humpisha ndugu yake "such": "The fish is so big", lakini "It is such a big fish". "So big fish" ni kosa. Wingi una namna yake, maana "so many", "so much", "so few" na "so little" zote ni halali ingawa nomino inafuata.

Wanafaidi zaidi wanaoongea na wanaochati. Kati ya "Thank you very much" na "Thank you so much", zote sahihi, ya kwanza imevaa koti na ya pili imekuja na kandambili.

Really

Hili hushuhudia. Linasema kiwango ni cha juu na msemaji anakiapia, karibu sana na "kweli" au "hasa" yetu. Faida yake kubwa kuliko "very" ni kwamba linapanda mbele ya kitenzi bila shida: "I really like tilapia." Pia halina ugomvi na vivumishi vya kileleni: "really excellent" inakubalika pale "very excellent" ingekwaruza sikio.

Lakini mahali pake pakihama, maana inahama. "I really don't know" ni sijui kabisa, usinisumbue. "I don't really know" ni sijui vizuri, labda nina fununu. Anayehojiwa ajue ipi anaisema. Kuna pia "real good" utakayoisikia kwa Wamarekani. Iache masikioni, usiiandike.

Linamfaa mwongoza watalii anayewaonyesha wageni Mwamba wa Bismarck kule Mwanza, au anayewavusha kwenda kisiwa cha Saanane. "The rocks are really old" inasikika kama mtu anayekijua anachokisema. Ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa chuo kule Nyegezi hailihitaji, kwani pale takwimu ndizo zinazoapa.

Quite

Hili ndilo gumu, na sababu ni kwamba wenye lugha wenyewe hawakubaliani.

Likikaa mbele ya kivumishi kinachopimika, kama "good", "big" au "fresh", Mwingereza kwa kawaida anamaanisha "kiasi", "si haba". Mmarekani anamaanisha "hasa", karibu na "very". Mgeni wa hoteli akiandika "The room was quite nice", meneja hawezi kujua afurahi au aite mafundi mpaka ajue mgeni ametoka wapi. Mnunuzi wa London akisema minofu ni "quite fresh", usishangilie bado. Akiongea kwa simu unaweza kusaidiwa na sauti. Akikazia "quite" mwenyewe, sifa inapungua. Akikazia "fresh", sifa inapanda.

Likikaa mbele ya kivumishi kisichopimika, utata unaondoka, maana yake ni "kabisa" kwa wote: "quite right" ni sahihi kabisa, "quite impossible" haiwezekani asilani. Kwa hiyo usiulize tu "quite" maana yake nini, tazama kilichoifuata. Na "not quite" si "si sana", ni "bado kidogo". Fundi akikuambia boti ni "not quite ready", kaa mkao wa kula. "Quite a few" nayo inadanganya macho: ina "few" ndani, ila maana yake ni wengi.

Mahali pake ni pa ajabu kidogo, kwani kwa kawaida hutangulia "a": "quite a big boat". Kwenye ulinganisho linagoma kama "very" lilivyogoma, "quite bigger" haisemwi, ingawa "quite a bit bigger" inapita. Tena kuna ajali ya herufi. "Quite" hutamkwa "kwait", na "quiet", yaani kimya, hutamkwa "kwayet". "Our hotel is very quite" imeandikwa kwenye matangazo mengi kuliko inavyostahili, na programu ya kukagua tahajia mara nyingi haiikamati, kwa sababu maneno yote mawili yapo.

Linamfaa anayelisoma zaidi ya anayeliandika. Ukilijua unaelewa wageni wanasema nini kwa adabu.

Mtumbwi mmoja, njia tano

Ukitaka kuona mahali pa kila neno kwa haraka, shika nomino moja:

"a very big boat"
"a really big boat"
"quite a big boat"
"such a big boat"
"too big a boat"

Mawili ya kwanza yanaingia baada ya "a", matatu ya mwisho yanaitangulia. Katika mstari wa nne "so" imempisha "such", na katika wa tano "too" imekivuta kivumishi mbele ya "a", muundo unaosikika wa kitabuni. Ukiuona mgumu, geuza tu: "The boat is too big."

Kulingana na hali yako

Unauza samaki au dagaa na unaandika kwa mteja: tumia "very", tena mara moja. Kisha weka namba. "Very cold" haimwambii kitu mwenye kiwanda, "kept on ice, 0 to 4 °C" inamwambia yote. Hivyohivyo "very big fish" iache, taja kilo.

Unakataa mzigo au unalalamikia huduma: "too" ndiyo yako, mradi utaje mpaka. "The pieces are too small. We ordered 300 grams" haina nafasi ya ubishi. Ukihofia kumvunja mtu moyo, Waingereza hupenda "not very": "not very clean" kwao tayari ni chafu, kama "si safi sana" ya mama mkwe.

Unajiandaa kwa mtihani: zoezi la kugeuza "so… that" kuwa "too… to" lina hatua tano na ukiruka moja unapoteza alama. Chukua "The lake was so rough that we could not cross it." Weka "too" badala ya "so". Futa "that". "We" igeuze "for us". "Could not" ifute na uweke "to". Mwisho futa "it". Unabaki na "The lake was too rough for us to cross." Wengi hukwama kwenye hatua ya mwisho.

Unaandika insha na "very" zimejaa: badilisha baadhi kwa kivumishi kizito. "Very tired" iwe "exhausted", "very small" iwe "tiny", "very cold" iwe "freezing". Usibadilishe kwa pupa. Mtu mwembamba sana ukimwita "skinny" umemkosea adabu, na bibi wa miaka 80 ni "very old", si "ancient".

Unahudumia wageni kwa mdomo: "really" na "so" zinachangamsha, "very" inatosha ukisahau zote. Unaposoma maoni yao mtandaoni, kila ukiona "quite" angalia kwanza bendera ya mwandishi.

Hujui msomaji wako ametoka nchi gani: iache "quite". Kama ulimaanisha "kiasi" andika "fairly", kama ulimaanisha "kabisa" andika "completely".

Na aliyeandikiwa "I love you" akitaka kujibu "nami nakupenda", jibu ni "I love you too", ambapo "too" imekaa mwisho na maana yake ni "pia" tu. Akitaka kuongeza uzito aandike "I love you so much". Akichanganya hizo mbili, ikawa "I love you too much", amemwambia mwenzake kwamba mapenzi yamevuka mpaka na pengine yapunguzwe.